Umeachishwa kazi bila haki Dar es Salaam? Hatua za kufuata kabla siku 30 hazijaisha

Maswali ni yale yale. "Bosi kaniambia kesho nisije, nianzie wapi?" "Wananilazimisha niandike barua ya kuacha kazi, nisaini?" "Nilifukuzwa tangu Machi, bado naweza kudai?" Wanaouliza ni walinzi, wahudumu wa hoteli, wauzaji wa maduka ya Kariakoo, mafundi wa viwanda vya Barabara ya Nyerere na Chang'ombe. Siku hizi wamo pia vijana wa ofisini Mikocheni na Masaki, wanaoambiwa "hapa sisi ni familia" huku kundi la WhatsApp la kazi likidai ripoti saa nne usiku, na mkataba ukiwa wa miezi mitatu mitatu mwaka wa tatu sasa.

Mwongozo huu ni wa mfanyakazi wa sekta binafsi. Mtumishi wa umma ana njia yake, inayoanzia kwenye mamlaka yake ya nidhamu na Tume ya Utumishi wa Umma, kwa hiyo asizifuate hatua hizi kama zilivyo.

Sheria inayokulinda ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Chombo cha kwanza cha kupeleka mgogoro ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo watu wanaiita CMA. Kufungua mgogoro pale ni bure. Kinachowaangusha wafanyakazi pale mara nyingi ni siku zilizopita na karatasi zilizokosekana, hata wale ambao haki iko wazi upande wao. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu tarehe na karatasi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mkataba au barua ya ajira. Kama hukupewa, endelea tu. Sheria inamtaka mwajiri akuandikie masharti ya kazi na atunze kumbukumbu hizo. Akishindwa kuzileta shauri linaposikilizwa, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unamwangukia yeye.
- Salari slipi. Kama hazipo, chukua taarifa ya benki au ya miamala ya simu inayoonyesha mshahara ukiingia. Miezi sita inatosha kuanzia, mwaka mzima ni bora zaidi.
- Barua zote: onyo, kusimamishwa, kutakiwa kujieleza, majibu yako, barua ya kuachishwa.
- Kitambulisho cha kazi, au picha yako ukiwa na sare eneo la kazi. Kwa deiwaka na kibarua aliyelipwa mkononi, hivi ndivyo vinavyoonyesha kwamba ulikuwa pale.
- Taarifa ya michango yako ya NSSF. Michango ikiingia kwa jina la mwajiri, ni vigumu kwake kusema hakujui.
- Ujumbe wa WhatsApp na simu. Chapisha, lakini usiufute kwenye simu na usiuze simu hiyo. Ushahidi wa kielektroniki unapokelewa kisheria tangu sheria ya mwaka 2015, ila utaulizwa umetoka wapi, na jibu ni hiyo simu.
- Majina ya watu wawili au watatu walioona au kusikia.
- Jina kamili la mwajiri kama lilivyosajiliwa. Hili tutalirudia.

Kama bado uko kazini na unaona mambo yanakwenda mrama, anza leo. Nunua daftari dogo, kila siku andika saa ya kuingia, saa ya kutoka, na nani alikuagiza ubaki. Piga picha barua zako mwenyewe na uzitume kwenye barua pepe yako binafsi. Usichukue nyaraka za siri za kampuni, maana utawapa kosa la kukufukuzia ambalo hawakuwa nalo.

Hatua kwa hatua

1. Usisaini barua ya kuacha kazi ambayo hukuitaka.

Hii ndiyo hatua inayowagharimu watu kuliko zote. Unaitwa ofisini, unaambiwa "tukikufukuza utaharibu jina, jiuzulu mwenyewe tukulipe chako leo". Ukisaini, karatasi inasema uliondoka kwa hiari, na sasa wewe ndiye wa kuthibitisha kwamba ulilazimishwa. Tena NSSF ina fao la kukosa ajira, na aliyejiuzulu mwenyewe halipati.

Omba muda wa kusoma. Wakikataa, sema wazi kwamba husaini. Ikiwa ni barua wanayotaka tu uthibitishe kuipokea, andika kwa mkono wako: "Nimepokea tarehe fulani, sikubaliani na yaliyomo", halafu saini chini ya maneno hayo. Fanya vivyo hivyo na karatasi ya malipo yenye maneno "malipo kamili na ya mwisho, sina dai lingine".

Hali ikiwa ngumu kiasi kwamba huwezi kuendelea (mshahara haulipwi miezi, unanyanyaswa kijinsia, umeshushwa cheo bila sababu), sheria inatambua kwamba kulazimika kuondoka kwa namna hiyo nako ni kuachishwa. Ila usipotee kimya kimya. Lalamika kwanza kwa maandishi, na barua ya kuondoka ieleze sababu hiyo. "Naacha kazi kwa sababu binafsi" itakufunga.

2. Andika tarehe, kisha hesabu siku.

Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa CMA ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa. Migogoro mingine, kama mishahara, ovataimu, likizo na makato, ni ndani ya siku 60 tangu ilipotokea. Weka alama kwenye kalenda, na jipangie kufika siku ya 20. Siku kumi zilizobaki ni za dharura: fomu iliyokosewa, mwajiri aliyekataa kupokea, foleni.

Angalieni kosa hili. Watu wanazunguka kwa Afisa Kazi, kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa Mkuu wa Wilaya, au wanasubiri bosi arudi safari. Huko kote hakusimamishi siku. Rufaa ya ndani ya kampuni ni nzuri, ikate, na sheria inaruhusu kuhesabu tangu uamuzi wa mwisho wa mwajiri. Lakini kwa usalama hesabu tangu barua ya kwanza.

3. Jua mgogoro wako ni wa aina gani.

Ukikosea hapa, fomu yote inakuwa imekosewa.

*Mkataba usio na ukomo, umefanya kazi miezi sita au zaidi:* unaweza kudai kuachishwa isivyo haki. Mwajiri ndiye atakayethibitisha mambo mawili, kwamba alikuwa na sababu halali na kwamba alifuata utaratibu. Sababu nzuri bila utaratibu haimwokoi.

*Chini ya miezi sita:* kinga ya kuachishwa isivyo haki haikuhusu, lakini mshahara wa siku ulizofanya, notisi na haki nyingine unaweza kudai.

*Mkataba wa muda maalumu uliokatizwa katikati:* dai lako ni kuvunjwa kwa mkataba, na kinachodaiwa kwa kawaida ni mishahara ya muda uliobaki. Kama mkataba uliisha tu tarehe yake, itabidi uonyeshe sababu ya msingi ya kutarajia kwamba ungeongezwa: ulishaongezwa mara kadhaa, au kuna ujumbe wa meneja kukuahidi.

*Umeajiriwa kupitia kampuni ya wakala:* angalia nani alisaini mkataba na nani anakulipa. Huyo ndiye mwajiri wa kumtaja, hata kama unafanya kazi kwenye jengo la mwingine. Mkataba ukiwa haueleweki, wataje wote wawili.

Na kama ulipitishwa kwenye kikao cha nidhamu, kagua haya: ulipewa mashtaka kwa maandishi? Ulipewa angalau saa 48 za kujiandaa? Uliruhusiwa kuja na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako? Aliyeongoza kikao alikuwa mtu tofauti na aliyekushtaki? Uliandikiwa uamuzi wenye sababu? Kila "hapana" iandike, itaingia kwenye fomu.

4. Piga hesabu ya unachodai.

Kuandika "nadai haki zangu zote" hakusaidii. Hesabu ya kisheria ni nyepesi. Gawa mshahara wa msingi wa mwezi kwa wastani wa wiki 4.333, kisha kwa saa au siku za kazi za wiki. Anayefanya saa 45 kwa wiki, siku sita, atagawa kwa 195 kupata saa moja na kwa 26 kupata siku moja.

Tuchukue mshahara wa sh. 390,000. Saa moja ni sh. 2,000. Siku moja ni sh. 15,000. Mfanyakazi amekaa miaka minne na miezi kadhaa, ameachishwa ghafla baada ya kufanya siku 12 za mwezi, hajaenda likizo mwaka uliopita, na kwa wiki nane za mwisho alibaki saa 10 za ziada kila wiki.

- Siku alizofanya: 12 × 15,000 = 180,000
- Notisi. Sheria inataka siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na hudaiwa mshahara wa mwezi: 390,000
- Likizo ambayo hakwenda, siku 28 kwa mwaka, kwa kawaida hudaiwa mshahara wa mwezi: 390,000
- Kiinua mgongo cha kisheria: siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Hapa ni 7 × 15,000 × 4 = 420,000
- Ovataimu ni mara moja na nusu: saa 80 × 3,000 = 240,000

Jumla sh. 1,620,000, kabla ya fidia ya kuachishwa isivyo haki, ambayo ni dai la peke yake na huhesabiwa kwa miezi ya mshahara. Badala ya fidia unaweza kuomba kurudishwa kazini. Amua mapema unataka lipi.

Kazi ya usiku, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Sikukuu ni mara mbili. Kama ulichukuliwa mkoani, tuseme Mbeya, ukaletwa Dar na mwajiri, ongeza nauli yako na mizigo hadi ulikotolewa. Aliyekuja mjini mwenyewe akapata kazi hapa asiliweke dai hili.

Kiinua mgongo hakilipwi kwa aliyekaa chini ya miezi 12, wala kwa aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Meneja anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti kwa uongozi wa juu hana dai la ovataimu. Na mbona ovataimu ni ya wiki nane tu? Kwa sababu ya zile siku 60. Anayefanyishwa saa za ziada bila malipo kwa miaka, akingoja afukuzwe ndipo adai yote, anajiweka pabaya.

Kagua pia makato. Mwajiri haruhusiwi kukukata kwa ajili ya kitu kilichovunjika au pesa iliyopungua kaunta bila kukubali kwako kwa maandishi na bila kukupa nafasi ya kujieleza, na makato hayo hayazidi robo ya mshahara. Wahudumu wa baa na wauza duka wanakatwa kila mwezi kinyume kabisa na hili, na wengi wameshazoea kuliona la kawaida. Lidai.

5. Jaza fomu CMA F.1.

Inapatikana ofisi za CMA. Jaza kwa Kiswahili. Mambo manne ya kuangalia:

Jina la mwajiri. Bango la dukani linaweza kusema hivi na usajili ukasema vingine. Tazama mkataba, salari slipi, risiti za kampuni au taarifa ya NSSF. Ukimshtaki bango, mwishoni utakuwa na tuzo (uamuzi wa mwisho wa CMA) ambayo hakuna wa kuilipa.

Sehemu ya kuachishwa kazi (Sehemu B) ni kwa anayedai kuachishwa isivyo haki tu. Anayedai mishahara peke yake au kuvunjwa kwa mkataba wa muda haijazi. Kuchanganya hizi mbili kumeua mashauri mengi.

Unachoomba. Andika kila kipengele na kiasi chake. Usichokiandika hapa usitegemee kupewa mwishoni, hata ukieleza vizuri namna gani kwa mdomo.

Tarehe na saini. Tarehe ya mgogoro ifanane na ya barua. Saini mwenyewe.

Toa kopi, uwe na seti tatu: ya CMA, ya mwajiri, ya kwako.

6. Mpelekee mwajiri nakala kwanza.

CMA itataka uthibitisho kwamba mwajiri ameipata. Peleka ofisini kwake na kitabu cha disipachi, au agiza wasaini na kugonga mhuri kwenye nakala yako, pamoja na jina na tarehe. Kama hutaki kukanyaga pale, tuma kwa posta ya rejesta na utunze risiti.

7. Wasilisha CMA ya eneo ulikofanyia kazi.

Kinachoangaliwa ni mgogoro ulipotokea, wala si unapoishi. Unaishi Mbagala lakini ulifanya kazi Kariakoo? Shauri ni la Ilala. Ukishasajili utapewa namba inayoonyesha mkoa na ofisi, kwa mfano inayoanza CMA/DSM/ILA au CMA/DSM/TEM. Iandike sehemu tatu tofauti. Acha namba ya simu inayopatikana, na ukibadilisha laini uwaambie.

8. Nenda kwenye usuluhishi ukiwa na kiwango chako.

Msuluhishi ana siku 30 za kujaribu kuwapatanisha. Hapa hakuna anayehukumiwa, na mnayoongea hayatumiki baadaye kama ushahidi. Kabla ya kuingia, amua kiasi ambacho hutashuka chini yake. Pesa kidogo leo inaweza kuwa na maana kuliko nyingi baada ya mwaka kwa mtu mwenye kodi ya nyumba. Huo ni uamuzi wako, mtu asikuaibishe kwa kukubali wala kwa kukataa.

Mkikubaliana, kila kitu kiandikwe kwenye hati ya CMA: kiasi, tarehe, njia ya malipo. Kwa mafungu, andikeni tarehe ya kila fungu na kwamba akikosa moja, salio lote linadaiwa mara moja. Ongeza hati ya utumishi, maana wengi huisahau na mwajiri mpya ataiulizia. Ahadi ya "njoo Jumatatu kwa mhasibu" usiipokee.

Usikose kufika. Mlalamikaji asipofika, msuluhishi anaweza kulifuta lalamiko. Mwajiri asipofika, linaweza kuamuliwa bila yeye. Foleni ya Barabara ya Mandela mnaijua, toka nyumbani mapema.

9. Usuluhishi ukishindikana, omba uamuzi.

Utapewa cheti cha kushindikana, na shauri litakwenda kwa mwamuzi. Usikae nacho nyumbani. Chukua hatua ya kupeleka shauri kwenye uamuzi mara moja. Hapa ni mashahidi, vielelezo na maswali. Kwenye kuachishwa, mwajiri ndiye anayeanza kutoa ushahidi kwa kuwa mzigo ni wake. Kazi yako ni kusikiliza, kuandika anapojipinga, na kumuuliza hayo. Panga vielelezo kwa tarehe na uvipe namba. Shahidi wako aje kusema alichokiona mwenyewe.

Unaweza kuwakilishwa na wakili au kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Wanachama wa vyama kama TUICO na CHODAWU waanzie kwa katibu wa tawi. Asiye na uwezo aulize msaada wa kisheria Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, au TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, kwa wanawake. Jihadhari na vishoka: kabla ya kumlipa mtu anayejiita wakili, tafuta jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama.

10. Tuzo ikitoka.

Mwamuzi anatakiwa kutoa tuzo ndani ya siku 30 baada ya kusikiliza. Asiyeridhika ana wiki sita, tangu alipopewa, kuomba marejeo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Mwajiri akikaa kimya asilipe, omba kukaza tuzo hiyo hiyo mahakamani, ambako inatekelezwa kama hukumu.

Mambo yanapokwama

*Siku 30 zimepita.* Kuna maombi ya kuruhusiwa kuchelewa, yana fomu yake. Lazima ueleze kila siku uliyochelewa na uambatanishe ushahidi: karatasi za hospitali, tiketi ya basi la msibani. "Sikujua sheria" haikubaliki.

*Mwajiri kakataa kupokea nakala.* Usigombane na mlinzi. Andika tarehe, saa na jina la aliyekataa, kisha tuma kwa posta ya rejesta siku hiyo hiyo.

*Hakuna barua, nimeambiwa kwa mdomo.* Siku hiyo hiyo mtumie meneja ujumbe wa adabu: "Leo umeniambia nisije tena kazini kuanzia kesho. Naomba barua." Akijibu, umepata ushahidi. Asipojibu, umepata tarehe. Kesho yake fika kazini na shahidi, ili wasije kusema ulitoroka.

*Wamenifungulia kesi ya wizi polisi.* Kesi ya polisi haisimamishi siku za CMA. Fungua mgogoro wako. Na kosa likiwa lile lile ulilofunguliwa mashtaka mahakamani, sheria inamzuia mwajiri kukuadhibu au kukufukuza kwa hilo hadi mahakama imalize.

*NSSF haikupelekwa, ingawa nilikatwa.* Peleka salari slipi NSSF. Wao ndio wenye nguvu ya kumdai mwajiri. Usingoje shauri la CMA liishe.

*Mashahidi bado wako kazini, wanaogopa.* Usiwalaumu. Tumia walioacha kazi, na uegemee karatasi. Ukifika kwenye uamuzi, unaweza kumwomba mwamuzi amwite shahidi kwa hati ya wito, hapo haonekani kajipeleka mwenyewe.

*Kampuni imebadilisha jina au imehama.* Rudi CMA mapema uombe kurekebisha jina kabla ya kusikilizwa. Beba kitu kinachoonyesha ni biashara ile ile: wamiliki wale wale, jengo lile lile, mshahara uliotoka kwenye akaunti mpya.